Lenzi Kuukuu za Telefoto kwenye Kamera ya Dijitali: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kutoka kwa wapigapicha wenzangu wa Nairobi walionunua lenzi kuukuu za telefoto ni kwamba lenzi iliyosifiwa kwa kuyeyusha mandharinyuma, ikishafungwa kwenye kamera yao, hutoa picha iliyopauka, au sura isiyo na ukali, au mbaya zaidi, picha ambayo kila tofali la ukuta wa nyuma linahesabika. Lawama huiangukia lenzi, nayo hupelekwa kwa fundi au hurudishwa sokoni kwa hasara. Katika lenzi nilizokagua, zangu na za wengine, kioo chenyewe kilikuwa na kosa mara chache. Mara nyingi kosa lilikuwa katika umbali uliochaguliwa na mpigapicha, au katika adapta, yaani pete inayounganisha lenzi na kamera. Ndiyo maana, kamera ikishakubali kupiga, nashauri yakaguliwe kwanza yale yasiyogharimu chochote, na lenzi isifunguliwe hata skrubu moja mpaka mengine yote yawe yamekaguliwa.

Ninazozungumzia ni lenzi za milimita 85 hadi 300 zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980: Jupiter-37A na Tair-11A za Muungano wa Kisovieti, Orestor na Pentacon za Ujerumani Mashariki, Takumar, Nikkor na Canon FD za Japani, pamoja na jamaa zake. Zote hulengwa kwa mkono, na hazina mawasiliano yoyote ya umeme na kamera.

Kamera inakataa kupiga, au haisomi mwangaza

Kamera isiyopata ishara ya umeme kutoka kwa lenzi hudhani kwamba haina lenzi. Kwenye Sony, Fujifilm na Canon zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), menyu ina kipengele cha kuruhusu shata ifanye kazi bila lenzi; kikiwashwa, tatizo limekwisha. Kamera za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazisomi mwangaza kabisa zikiwa na lenzi za namna hii, hivyo tumia hali ya M (ya kuweka mwangaza kwa mkono), piga picha ya majaribio, kisha rekebisha kwa kuangalia grafu ya mwangaza kwenye skrini. Tahadhari moja tu hapa: lenzi za Nikkor zilizotoka kabla ya mwaka 1977, ambazo hazikuwahi kurekebishwa, zinaweza kuvunja kikono kidogo kilicho kando ya kifungio cha Nikon za daraja la kati na la juu. Zikigoma kuingia, usizilazimishe.

Lenzi inakwama ikikazwa, au inaingia lakini haioni mbali

Lenzi ikizunguka mara moja hivi kisha ikakwama, simama hapo hapo. Skrubu ya M42, inayofunga lenzi nyingi kuukuu kwenye kamera, ina kipenyo cha milimita 42 na umbali wa milimita 1 kati ya uzi na uzi, ilhali kifungio cha T kina kipenyo hicho hicho lakini nyuzi zake zimeachana kwa milimita 0.75. Kwa macho ni pacha. Anayeongeza nguvu baada ya kukwama huharibu nyuzi za lenzi na za adapta kwa pamoja, na wauzaji wengi wa mtumba, kwa kutojua na si kwa hila, huziita zote M42.

Kushindwa kuona mbali, yaani kutotoa ukali kwa vitu vya mbali, ni jambo jingine. Kila mfumo ulipangiwa umbali wake kati ya kifungio na filamu: M42 ni milimita 45.46, Nikon F ni 46.5, Canon EF ni 44 na Canon FD ni 42. Kamera za sasa zisizo na kioo zina umbali mfupi sana, Sony E ikiwa na 18, Canon RF 20 na Nikon Z 16, kwa hiyo adapta ina nafasi tele ya kujaza tofauti, na karibu lenzi yoyote ya zamani hufanya kazi. Shida iko kwa anayetaka kuifunga M42 kwenye Nikon ya kioo cha ndani (DSLR), au FD kwenye Canon ya kioo, kwa sababu lenzi ingetakiwa kukaa ndani zaidi kuliko kifungio kinavyoruhusu. Adapta zenye kipande cha kioo cha kusahihisha zipo, lakini nyingi za bei nafuu hupunguza ukali, na mimi sizipendekezi.

Hata hivyo, telefoto haina hasara kubwa kama watu wanavyodhani. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele kwa milimita 2, haiwezi kuona ukali kupita mita 1.25 hivi, ile ya milimita 135 ikisogezwa kiasi hicho hicho, huona vizuri mpaka karibu mita 9. Kwa anayepiga sura za watu, mita 9 zinatosha na kubaki, na adapta tupu isiyo na kioo itamfaa. Kinyume chake, lenzi ikipita alama ya nane iliyolala (∞, yaani mbali kabisa) kabla ya pete kufika mwisho, hakuna kilichoharibika: adapta imetengenezwa nyembamba kidogo, na kinachofaa ni kutoziamini tena namba za umbali zilizochongwa kwenye lenzi.

Pete ya tundu inageuzwa lakini picha haibadiliki

Miaka michache iliyopita nilipanda ngazi za jengo moja karibu na River Road nikiwa na lenzi ya milimita 135 mkononi, nikiwa nimeshakata shauri kwamba vibamba vyake vya tundu, yaani mlango wa mwanga ndani ya lenzi, vimeganda. Fundi, mzee aliyekuwa amezungukwa na saa na redio zilizofunguliwa matumbo, aliipokea bila kusema neno, akaitazama kwa nyuma, akachukua njiti ya kiberiti na kuibonyeza pini ndogo iliyokuwa pembeni ya skrubu. Vibamba vikafunga mara moja, kama jicho.

“Mzee, mbona kwangu vinakataa?”

“Lenzi yako haina neno, kijana wangu. Hiyo pete yako ndiyo haiisukumi pini.”

Alikuwa sahihi. Lenzi nyingi za M42 zilitengenezwa ili kamera yenyewe iibonyeze pini hiyo wakati wa kupiga. Adapta isiyo na ukingo wa ndani haiigusi, na tundu hubaki wazi daima. Tazama kwanza kama lenzi ina swichi ya A na M (otomatiki na mkono), kama zilivyo Takumar nyingi: ikiwekwa kwenye M, tundu hufuata pete bila kuitegemea pini. Isipokuwa na swichi, nunua adapta yenye ukingo. Kwa Canon FD, adapta ina pete yake ya kufungua na kufunga inayosukuma kikono cha tundu, na anayeisahau katika upande wa kufungua hupiga siku nzima akiwa wazi kabisa huku lenzi ikionyesha f/8, yaani tundu dogo.

Tair-11A, Jupiter-37A na Orestor zina pete mbili. Moja huweka kikomo. Nyingine, isiyotoa mlio wowote, ndiyo inayofungua na kufunga. Hapo hakuna ubovu wa kutafuta.

Ikiwa pini inasukumwa na bado vibamba vinajikokota, vimulike kwa tochi ya simu. Vikimetameta kana kwamba vimepakwa mafuta, basi grisi ya pete ya fokasi imeyeyuka na kuvifikia. Kwa mtu anayetaka mandharinyuma iliyofifia, ugonjwa huu hauna uzito mkubwa, kwa kuwa atapiga akiwa wazi karibu kila wakati. Utumie kuombea punguzo la bei.

Mandharinyuma haififii

Hili ndilo lalamiko kuu, na ndilo ambalo lenzi huhusika nalo kwa uchache zaidi. Ukubwa wa kufifia hutokana na upana halisi wa tundu pamoja na mpangilio wa umbali. Upana wa tundu hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) kwa namba ya f: 135 kwa 2.8 ni milimita 48, 200 kwa 4 ni milimita 50, na 50 kwa 1.8 ni milimita 28 tu. Kwa hiyo lenzi ya 200 f/4, ambayo wengi huipuuza sokoni kwa kuwa namba yake ya f haivutii, ina tundu pana kuliko ile ya 135 f/2.8 na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini.

Sasa chukua upana huo, uuzidishe kwa umbali kutoka kwa mhusika, yaani anayepigwa picha, hadi kitu cha nyuma, kisha ugawanye kwa umbali kutoka kwenye kamera hadi kitu hicho. Jibu ni upana wa duara ambalo nukta moja ya mwanga wa nyuma itachora, ukilipima kwenye usawa wa uso wa mhusika. Mhusika akiwa mita 2 mbele yako na ukuta ukiwa mita 1 nyuma yake, 135 f/2.8 huchora duara la milimita 16, yaani chini ya upana wa jicho. Mtoe ukutani, umweke pale ambapo miti iko mita 20 nyuma yake, na duara hufikia karibu milimita 44. Lenzi ni ile ile na tundu ni lile lile. Akiegemezwa ukutani katika vichochoro vya katikati ya jiji, hata lenzi ya bei ya gari haitamtenga na ukuta. Akisimama kwenye nyasi za Arboretum au njia za msitu wa Karura, lenzi ya kawaida kabisa itamtenga.

Kisababishi cha pili ni kurudi nyuma kupita kiasi. Wenye sensa ndogo (kipande kinachonasa picha ndani ya kamera) huathirika zaidi, kwa sababu lenzi ya 135 kwenye sensa iliyopunguzwa mara 1.5 hubana picha kama lenzi ya milimita 200 hivi, na ili kupata kifua na kichwa mpigapicha hurudi kutoka mita 2 hadi 3. Ukuta ule wa mita 1 sasa unatoa duara la milimita 12 badala ya 16. Dawa si kununua lenzi nyingine bali kumsogeza mhusika mbali na ukuta, au kukubali kupiga uso peke yake.

Jua la mchana nalo hulazimisha watu kufunga tundu. Kwenye jua kali, kwa ISO 100, f/2.8 huhitaji shata ya karibu 1/3200 ya sekunde, na kamera nyingi zinaiweza. Lakini Helios-40 ya 85 f/1.5 huhitaji zaidi ya 1/8000, kasi ambayo shata nyingi za mitambo haziifikii, na picha huungua. Tumia shata ya kielektroniki ikiwepo, au kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, au subiri. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na jua la saa sita mchana huwatia watu vivuli vyeusi machoni hata lenzi ingekuwa ipi. Kusubiri hadi saa kumi na moja jioni hutatua mambo mawili kwa mpigo.

Mandharinyuma inafifia, lakini inasumbua macho

Hapa tunaingia katika kile Wajapani wanachokiita boke, yaani sura ya kufifia kwenyewe na si kiasi chake, na ladha za watu hutofautiana. Dalili ya kwanza ni maduara ya mwanga yenye ukingo mkali unaong'aa. Hili linatokana na jinsi lenzi ilivyosahihishwa, na halitengenezeki. Trioplan ya milimita 100 f/2.8 ya Meyer-Optik, yenye vioo vitatu tu ndani, hutafutwa kwa bei kubwa kwa sababu hiyo hiyo, kwani maduara yake huelea kama mapovu ya sabuni. Mimi nayapenda mapovu hayo kwenye taa za matatu zilizopanga foleni Moi Avenue giza linapoingia, ila kwenye majani yaliyotobolewa na anga siyavumilii, kwa sababu kila kitawi huchorwa mara mbili na picha nzima hutetemeka. Kabla ya kuiuza lenzi, badilisha kilicho nyuma: ua wa kayaba ulio kivulini, au mteremko wa nyasi usio na mwanga wa kuchungulia, hutulia hata kwa lenzi yenye vurugu.

Maduara yakiwa na pembe sita, umefunga tundu kwenye lenzi yenye vibamba sita. Pentacon ya 135 f/2.8 ilitoka katika matoleo mawili, la awali likiwa na vibamba 15 na la baadaye likiwa na sita, na wauzaji huyataja kwa jina moja. Hesabu vibamba kabla ya kutoa pesa. Tair-11A ina 20, na tundu lake hubaki duara kamili hata likifungwa.

Maduara ya pembeni yakibanwa kama macho ya paka, lenzi iko wazi kabisa na ukingo wa bomba lake unakata mwanga. Funga tundu hatua moja. Na yakiwa na shimo katikati, kama mkate wa mviringo uliotobolewa, basi ulichonunua ni lenzi ya vioo vya kuakisi, kwa mfano MTO ya milimita 500, na hivyo ndivyo itakavyokuwa daima.

Mhusika mwenyewe hana ukali

Kwa 135 f/2.8 kwenye sensa kamili (yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), mhusika akiwa mita 2, eneo lenye ukali ni kama sentimita tatu na nusu kwa jumla. Mtu akipumua tu, jicho limetoka. Kioo cha kulengea cha kamera za kisasa za kioo hakionyeshi ukweli wote wa matundu mapana, hivyo kinachoonekana kikali ukichungulia kinaweza kuwa butu kwenye sensa. Lenga kwa skrini, ukuze picha juu ya jicho, kisha badala ya kugeuza pete tena na tena, yumba polepole mbele na nyuma huku ukipiga mfululizo. Rangi zinazowashwa na kamera kwenye kingo zenye ukali husaidia, lakini huwaka hata mahali ambapo ukali haujakamilika, kwa hiyo zichukulie kama uvumi unaohitaji kuthibitishwa.

Picha ikiwa butu kote, si mahali pamoja tu, shaka mtikisiko. Lenzi hizi ni nzito mbele na hazina kizuia mtikisiko, na mimi siteremki chini ya 1/320 nikiishika 135 kwa mkono. Kamera yenye sensa inayojituliza huhitaji kuambiwa urefu wa fokasi kwa mkono, na huandikwa ule halisi wa lenzi, bila kuzidisha kwa 1.5. Nimekuta kamera iliyoachwa kwenye 50 huku lenzi ikiwa 200, na mwenyewe ameshailaumu lenzi mwezi mzima.

Kwa vitu vya mbali, kama korongo walio juu ya migunga ya Mombasa Road, joto linalopanda kutoka kwenye lami wakati wa mchana huipindapinda hewa. Hilo halina marekebisho isipokuwa kurudi asubuhi.

Picha imepauka, au kingo zina zambarau

Weka kwanza kofia ya lenzi ya kukinga mwanga wa pembeni, hata iwe ya karatasi nyeusi ngumu iliyokunjwa, kwa maana tabaka za kuzuia mng'ao za miaka ile ni hafifu. Ikiwa haitoshi, ondoa lenzi na uchungulie ndani ya adapta: ukuta wake ukimetameta, mwanga unagongagonga humo kabla ya kufika kwenye sensa, na tatizo huzidi pale ambapo lenzi iliyotengenezewa filamu ya milimita 35 inamwaga duara kubwa la mwanga juu ya sensa ndogo. Kitambaa cheusi chenye manyoya mafupi, kikibandikwa vizuri, hurudisha weusi wa picha kwa gharama ndogo mno.

Kingo za zambarau hutokea pale ambapo kitu cheusi kimekingamana na anga jeupe. Zitapungua ukifunga hatua moja au mbili, na programu za kuhariri huziondoa kwa urahisi, ila Oktoba, mijakaranda inapochanua, programu haitofautishi kosa la lenzi na ua, nayo hufuta yote mawili.

Shaka inabaki kwenye kioo

Kipimo bora hakihitaji kifaa chochote. Usiku, lenga taa moja ya barabarani iliyo mbali, kisha geuza fokasi hadi karibu kabisa, ili taa igeuke duara kubwa, na upige. Duara hilo ni picha ya ndani ya lenzi: vumbi huonekana kama vidoa vichache, na havina madhara; kuvu huonekana kama nyuzi za utando wa buibui zinazotambaa kutoka pembeni; utando wa mvuke wa mafuta hulifanya duara zima liwe na madoadoa ya maziwa; na kibamba kilichopinda hujitokeza kama pengo ukingoni. Kuvu kidogo pembeni hakuonekani katika picha za kawaida, lakini huendelea kukua, hasa katika mvua za Machi hadi Mei, hivyo itenge lenzi hiyo na nyingine, na zote zikae katika kopo linalobana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Lenzi nilizopata kutoka Pwani nimezikagua hivi kabla ya kuziingiza kabatini, na si mara moja nimezikuta na wageni.

Kipimo cha mwisho ni cha ubutu wa upande mmoja. Bandika kurasa mbili za gazeti ukutani, weka kamera kwenye stendi ikitazamana na ukuta sawasawa, na upige kwa tundu lililo wazi. Maandishi ya kushoto yakisomeka na ya kulia yasisomeke, geuza kamera juu chini na urudie. Ubutu ukihama na kamera, legeza adapta na uikaze upya kabla ya jambo lingine lolote, kisha ujaribu adapta ya kuazima. Ukibaki upande ule ule wa picha hata kwa adapta nyingine, yaelekea lenzi ilishawahi kufunguliwa na kioo kimoja kikarudishwa kikiwa kimeinama, na hapo ndipo inapofaa kupanda ngazi za fundi, ukiwa na picha hizo mbili kwenye simu ili asianze kubahatisha.